Farasi Wanne Juu ya Mlango wa Kanisa

  

Leo napenda tuzungumze juu ya mnyama ambaye wengi wetu twamjua kwa picha kuliko kwa kumgusa, yaani farasi. Huenda mtu akauliza, "Mchungaji, farasi ana habari gani na roho yangu?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Tangu zamani wanadamu wamemchora farasi, wamemchonga na kumtukuza kupita karibu wanyama wote. Na ukitazama kwa makini waliyomfanyia katika picha na sanamu zao, utaona pia kitu walichokuwa nacho moyoni.

Hapa kwetu Kenya farasi ni wachache. Utawaona kwenye uwanja wa mashindano ulio kando ya barabara ya Ngong mjini Nairobi, au katika mashamba kadhaa ya nyanda za juu. Sababu kubwa ya uchache huo ni maradhi. Mbung'o hueneza ugonjwa wa nagana, na kuna maradhi mengine yaenezwayo na visubi ambayo huwaua farasi upesi. Kwa hiyo mnyama wetu wa mizigo amekuwa punda, ambaye ni mstahimilivu zaidi. Nenda Lamu umwone akipita vichochoroni na mawe ya kujengea. Tafadhali mkumbukeni punda huyo, maana tutamrudia kabla ya kuagana.

Mahali pengine katika Afrika, ambapo mbung'o hawakuzuia, watu wamemjua farasi sana. Katika mji wa Kano, kaskazini ya Nigeria, siku za Idi wapanda farasi hujitokeza kwa wingi, farasi wamevikwa nguo za rangi, nao huenda mbio kumsalimu Emir wao. Kwa jirani zetu wa Ethiopia, makanisani mwao mna picha za Mtakatifu Giorgis juu ya farasi mweupe, akimchoma joka kwa mkuki. Huko Lalibela liko kanisa lenye jina lake, lililochongwa katika mwamba mmoja, na wenyeji huwaonyesha wageni alama katika jiwe wakisema ni nyayo za farasi wa Giorgis. Katika mambo hayo yote farasi ana maana moja: yeye aliye juu yake ni mkubwa, ni mwenye nguvu, ni mshindi.

Lakini je, farasi alikuwa na maana hiyo tangu mwanzo? Hapana. Tusikilize habari ya pango moja.

Katika bonde la mto Ardèche, kusini mwa Ufaransa, mwezi wa Desemba 1994 watu watatu waliingia katika pango ambalo mlango wake ulikuwa umezibwa na mawe tangu zamani sana. Pango hilo sasa huitwa Chauvet. Ukutani walikuta wanyama wengi wamechorwa, na kati yao vichwa vinne vya farasi, kimoja nyuma ya kingine. Mchoraji alikuwa amekwangua ukuta kwanza hata ukawa mweupe, kisha akachora kwa makaa, akayasugua makaa yale ili kionekane kivuli cha shavu na cha shingo. Wataalamu waliyapima makaa, wakasema kazi nyingi za pango hilo zina umri wa zaidi ya miaka 30,000.

Sasa angalieni jambo hili. Farasi tunaowafuga leo, kwa jinsi wachunguzi wa mifupa ya kale wanavyosema, wametokana na wale waliofugwa katika nyika zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, yapata miaka 4000 na zaidi iliyopita. Basi yule mchoraji wa pangoni hakuwa na hatamu wala tandiko. Hakuwa na gari la vita. Hakumwona mfalme yeyote juu ya farasi. Alimwona farasi tu, akamtazama sana, akaustaajabia uumbaji ule, akamchora. Wanadamu walimpenda farasi kwa uzuri wake miaka mingi mno kabla ya kumfunga kamba kinywani.

Baadaye wakamfuga, na mambo yakabadilika. Aliyekuwa na farasi aliwashinda waliokwenda kwa miguu. Wafalme wa Misri na wa Ashuru waliyafunga magari yao kwa farasi, wakaamuru wachongwe katika kuta za majumba yao. Mawe ya jumba la mfalme Ashurbanipal wa Ninawi, yaliyochongwa yapata mwaka 645 kabla ya Kristo, yako London hata leo katika jumba la makumbusho la Uingereza. Mafundi wale walikuwa hodari kweli. Waweza kuiona mishipa katika uso wa farasi. Lakini sasa farasi hakuchorwa kwa ajili yake mwenyewe tena. Alichorwa ili watu wamwogope yule aliye nyuma yake na upinde.

Ndiyo sababu Maandiko yana maneno mawili juu ya farasi, nayo yaonekana kana kwamba yapingana. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 39, Mungu mwenyewe amsifu farasi wa vita, shingo yake na mruko wake, kama fundi anavyoifurahia kazi ya mikono yake. Lakini katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, mfalme wa Israeli akatazwa kujiongezea farasi. Sulemani hakusikia. Twasoma katika Wafalme wa Kwanza ya kwamba wafanya biashara wake walileta farasi kutoka Misri, kila mmoja kwa fedha 150. Misri, kule walikotolewa utumwani! Haya maneno mawili hayapingani, wapenzi. Farasi ni mzuri, na aliyemwumba ni Mungu. Taabu huanza pale mtu anapomtegemea farasi mahali pa yeye aliyemwumba.

Sasa nataka kuwapeleka katika mji wa Venice, nchi ya Italia, kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Marko. Ukisimama uwanjani mbele ya kanisa hilo na kuinua macho, utaona juu ya mlango mkubwa farasi wanne wa shaba, wamesimama wawili wawili, kila mmoja ameinua mguu wa mbele kana kwamba ataka kuondoka. Hao unaowaona sasa ni nakala. Wale wa asili wako ndani, katika makumbusho ya kanisa, kwa sababu katika miaka ya 1970 ilionekana ya kwamba moshi na hewa chafu vilikuwa vikiwala. Katika kazi zote za kale zilizobaki duniani, hao ndio kundi la pekee la farasi wanne waliotengenezwa kuvuta gari moja.

Fundi aliyewatengeneza hatujui jina lake, lakini kazi yake yajisema yenyewe. Mafundi wengi wa zamani walichanganya shaba nyekundu na bati, kwa kuwa mchanganyiko huo huyeyuka kwa moto mdogo zaidi na kujaza kalibu vizuri. Lakini farasi hawa ni karibu shaba tupu, sehemu kama 98 katika 100, ambayo ni ngumu zaidi kuyeyusha na kumimina. Kwa nini fundi alijitaabisha hivyo? Kwa sababu alitaka kuwapaka dhahabu. Zamani zile dhahabu ilichanganywa na zebaki, ikapakwa, kisha ikapashwa moto. Zebaki ikaondoka kama mvuke na dhahabu ikabaki imeshikamana. Kwenye shaba tupu dhahabu hukaa sawasawa, bali penye bati au risasi hutokea madoa. Basi fundi huyo alichagua njia ngumu ili kazi ing'ae. Hapa napo twaona upendo ule ule wa yule mtu wa pangoni.

Lakini farasi hawa walifikaje kanisani? Ndipo habari inapokuwa chungu. Walikuwa Constantinople, mji uitwao leo Istanbul, uliokuwa mji mkuu wa Wakristo wa Mashariki. Katika mwaka 1204 majeshi ya Wakristo kutoka Ulaya Magharibi, watu waliovaa alama ya msalaba na kuapa kwenda kuikomboa Yerusalemu, waliugeukia mji huo wa Wakristo wenzao. Kwa siku tatu waliua, wakanajisi, wakaiba hata vyombo vya makanisa. Watu wa Venice walikuwa pamoja nao, wakiongozwa na mtawala wao Enrico Dandolo, mzee ambaye macho yake yalikuwa yameingia giza. Katika nyara zilizopelekwa Venice walikuwamo farasi hao wanne. Na Venice ikawaweka wapi? Ikawaweka juu ya mlango wa nyumba ya Mungu, ili kila mwenye kuingia kusali apite chini ya alama ya ushindi wao.

Farasi wakakaa pale karibu miaka 550. Bila shaka watu wa Venice walidhani wamekuwa wao milele. Mwaka 1797 akaja Jenerali Napoleon Bonaparte wa Ufaransa, akaishinda Venice, akawashusha farasi na kuwapeleka Paris. Huko wakatembezwa mbele ya watu kwa shangwe, na baadaye wakapandishwa juu ya tao la ushindi lililojengwa miaka ya 1806 hadi 1808. Sasa wakawa alama ya ushindi wa Wafaransa. Kwa muda gani? Mwaka 1815 Napoleon akashindwa kabisa huko Waterloo, na mwaka uo huo farasi wakashushwa tena wakarudishwa Venice. Na Venice yenyewe wakati huo haikuwa huru. Ilikuwa chini ya mfalme wa Austria, naye akasimamia kurudishwa kwao kwa heshima kubwa. Katika Vita Kuu ya kwanza walishushwa tena kwa kuogopa mabomu, na katika vita vya pili vivyo hivyo.

Wahesabu basi mabwana zao. Wafalme wa Constantinople hawapo. Watawala wa Venice hawapo. Napoleon hayupo. Milki ya Austria haipo. Kila mmoja aliwatazama farasi hawa akasema, "Ni ishara yangu." Nao farasi wameinua mguu vile vile, hawakumjua hata mmoja wao. Uzuri ule haukuwa wa mshindi yeyote.

Wapenzi, msiwacheke watu wa Venice upesi. Hata leo nguvu ya injini hupimwa kwa nguvu za farasi, na ziko kampuni za magari zinazoweka picha ya farasi anayeruka kwenye magari yao. Wanajua wanalolifanya. Mtu akinunua gari kubwa kupita haja yake, huku karo ya watoto haijalipwa, amenunua farasi wa Sulemani. Yeye naye atakumbuka siku moja ya kwamba lile gari litamilikiwa na mwingine.

Tena yapo mambo yanayotuhusu sisi wa kanisa. Venice ilileta nyara mlangoni mwa kanisa, na watu wakasema, "Tazama jinsi kanisa letu linavyopendeza." Je, nasi hatufanyi hivyo? Siku ya harambee akija mtu mwenye fedha nyingi, twamweka kiti cha mbele, twalichonga jina lake katika jiwe la ukutani, wala hakuna mzee wa kanisa anayethubutu kuuliza fedha hiyo ilitoka wapi. Kama ilitoka katika dawa zilizopungua zahanati, au katika shamba la mjane, basi tumewaweka farasi wa Constantinople juu ya mlango wetu. Bati ni jipya na madirisha yang'aa, lakini yule mjane akipita njiani huyajua mali yake. Dhambi ya kitu cha namna hiyo haifi kwa kukaa. Mwaka 2001, karibu miaka 800 baada ya mji ule kutekwa, Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Athens alimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya makosa waliyotendewa Wakristo wa Mashariki, akautaja Constantinople. Miaka 800, na kidonda kilikuwa bado kinauma!

Iko picha nyingine moja ya farasi ambayo yafaa tuijue, maana inatuonyesha upande wa pili. Jumatatu tarehe 26 Aprili 1937, ndege za Ujerumani na Italia, zilizokuwa zikimsaidia Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ziliutupia mabomu mji mdogo wa Guernica. Mchoraji Pablo Picasso alikuwa Paris. Aliposikia, alichora picha kubwa mno, kwenda juu mita tatu na nusu, upana wake karibu mita nane, kwa nyeusi na nyeupe na kijivu. Katikati ya picha hiyo yuko farasi. Hana mfalme mgongoni. Ubavu wake umechomwa mkuki, kinywa ki wazi, anapiga kelele. Chini yake amelala askari mwenye upanga uliovunjika. Picasso alisema baadaye ya kwamba farasi yule ni watu, yaani raia. Hakutaka picha ikae Hispania mpaka uhuru urudi. Akafa mwaka 1973, Franco akafa mwaka 1975, na picha ikapelekwa Hispania mwaka 1981. Iko Madrid hata leo.

Je, mwaona? Kwa maelfu ya miaka wachongaji walituonyesha mshindi juu ya farasi. Mchoraji huyu akatuonyesha yule anayeumia chini ya ushindi. Kila ushindi wa kiburi una mtu anayelia chini ya kwato, ijapokuwa jina lake halichongwi popote.

Sasa tumrudie punda wetu. Nabii Zekaria, sura ya 9, alitabiri juu ya mfalme atakayeingia Yerusalemu hali amepanda punda, na katika unabii uo huo Mungu aahidi kuwaondoa farasi wa vita katika mji. Watu wa Yerusalemu waliwajua wakubwa wa Rumi na farasi wao. Siku ile ya matawi walimwona Bwana Yesu akija juu ya mwana-punda wa kuazima. Wa kuazima, wapenzi! Hakuwa nyara. Wanafunzi waliagizwa waeleze ni nani anayemhitaji. Hakuna aliyeumia ili Mfalme huyo apate kipando. Mnyama ambaye sisi twampiga fimbo na kumlaumu kwa mateke yake, huyo ndiye aliyembeba Mfalme wa amani.

Je, maana yake farasi ametupwa? La, hasha. Zekaria huyo huyo, katika sura yake ya mwisho, asema habari ya ajabu. Yasema siku itakuja ambapo kengele za farasi zitaandikwa maneno yale yale yaliyochorwa katika bamba la dhahabu kwenye kilemba cha Kuhani Mkuu, maneno ya kumwekea Bwana wakfu. Fikirini hayo. Farasi wa vita, aliyekuwa alama ya kiburi cha wafalme, anarudishwa kwake aliyemwumba. Yule mtu wa pangoni alianza vema, akautazama uzuri bila kuutaka uwe silaha yake, na Mungu atamaliza vema.

Basi wiki hii nakuomba ufanye jambo moja. Tafuta katika maisha yako kitu kizuri ambacho umekigeuza kuwa farasi wa kupanda juu ya wengine. Labda ni cheo, au elimu, au sauti nzuri katika kwaya. Labda ni shamba ulilolipata kwa njia ambayo hupendi kuielezea. Kama kilikuwa cha mtu, mrudishie, wala usingoje miaka 800. Na kama ni chako kwa haki, kifunge kengele uandike juu yake ya kwamba ni cha Bwana.

Na tuombe. Ee Mungu, uliyemwumba farasi na punda, twakushukuru kwa uzuri uliotujalia kuuona. Utuondolee kiburi kinachowakanyaga wenzetu. Usafishe milango ya makanisa yetu na ya nyumba zetu, ili kila aingiaye akutane na Mwanao, aliyekuja kwa upole. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Bwana awalinde usiku huu na siku zote.